Mtoto anasoma ubao bila shida, lakini akishika kitabu mistari inamkimbia: tuzungumzie upungufu wa konvajensi

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro na ni mzazi wa binti wa darasa la nne. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtoto anayeweza kutaja herufi za mstari wa chini kwenye chati ya macho hana tatizo lolote la macho, na kwamba akishindwa kusoma, sababu itafutwe kwingine: uvivu, utoro, njaa, au msingi mbovu wa darasa la kwanza. Binti yangu amenifundisha kwamba chati ile hupima jambo moja tu, na ninaandika uzi huu kwa sababu nimewakumbuka wanafunzi kadhaa niliowahi kuwahukumu kwa kipimo hicho.

Kilichonitatiza ni kwamba alikuwa anasoma ubao akiwa ameketi dawati la nyuma, tena kwa sauti na kwa kujiamini, lakini jioni nikimpa kitabu alisoma vizuri mistari miwili au mitatu kisha akaanza kujikwaa. Aliruka mstari mzima, akarudia mstari aliokwisha kuusoma, akadondosha viambishi. Katika Kiswahili hilo si kosa dogo, kwa maana uzito wa sentensi zetu hubebwa na silabi fupi zilizo mwanzoni mwa kitenzi, na mtoto anayesoma "wakarudi" mahali palipoandikwa "hawakurudi" amegeuza hadithi nzima. Baada ya dakika kumi alifikicha macho, akapiga miayo, akalalamika paji la uso linauma. Mara nyingi aliegemea kiwiko na kufunika jicho moja kwa kiganja, na mimi nilimkemea kwa mkao huo zaidi ya mara moja nikidhani ni ulegevu.

Mahali pa kwanza tulipokwenda alipimwa kwa chati umbali wa mita 6, akapata 6/6 kwa kila jicho, nasi tukaambiwa kwamba macho ni mazima na mtoto anatafuta kisingizio. Miezi kadhaa baadaye mtaalamu mwingine alifanya jambo ambalo halikuchukua hata dakika mbili. Alisogeza ncha ya kalamu polepole kuelekea katikati ya macho yake, akamwambia aseme pindi atakapoziona kalamu mbili. Binti alisema "mbili" kalamu ikiwa bado sentimita 14 kutoka usoni, na mimi niliyekuwa nimesimama kando nililiona jicho lake la kulia likiiachia kalamu na kwenda nje. Tulipokuwa njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Alijibu kwamba alidhani maneno hutembea kwenye karatasi kwa kila mtu.

Hali hii huitwa upungufu wa konvajensi, yaani macho mawili kushindwa kugeuka ndani kwa pamoja na kukutana juu ya kitu kilicho karibu. Si jambo lililoletwa na simu, kwani daktari wa macho wa Ujerumani Albrecht von Graefe aliieleza tangu mwaka 1855. Tunapotazama mbali, macho yetu hukaa karibu sambamba. Tunapotazama kitabu kilicho sentimita 40 mbele yetu, kila jicho la mtoto hulazimika kuingia ndani kwa takriban nyuzi 4 na kubaki hapo muda wote wa kusoma, huku lenzi ya ndani nayo ikinenepa ili herufi zionekane kwa ukali. Mtoto akiinamia daftari hadi sentimita 10, kama wengi wanavyofanya, pembe hiyo hufika nyuzi 15 hivi. Kwa hiyo mtoto anayesogeza uso karibu na karatasi akitafuta nafuu anajiongezea mzigo karibu mara nne.

Kila jicho lina misuli 6 ya kuligeuza, na ile ya upande wa pua ndiyo inayovuta macho ndani. Nilipoelezwa hayo nilidhani msuli wa binti yangu ni dhaifu, lakini sivyo. Akitazama kushoto na kulia, macho yote mawili hufika pembeni bila tatizo. Kinachopungua ni uratibu wa ubongo katika kuyaleta yote mawili ndani kwa wakati mmoja na kuyashikilia. Yakiachana kidogo tu, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana, na mtoto huona maneno mawili mawili, au yamevaana, au yanaelea. Akifunika jicho moja picha hubaki moja. Kiganja nilichokuwa nikikikemea kilikuwa ndiyo dawa pekee aliyokuwa nayo.

Ningependa kusikia kutoka kwa wazazi, walimu wenzangu na wataalamu. Je, shuleni kwenu watoto hupimwa uoni wa karibu?

Mzazi wa Kitale

Mwalimu, pole na hongera kwa kutofika mwisho pale mlipoambiwa kwamba mtoto ana kisingizio. Huku kwetu Trans Nzoia tunafahamu kidogo habari za upimaji shuleni, kwa sababu utafiti wa programu ya simu iitwayo Peek ulifanyika katika shule 50 za kaunti hii na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Walimu walipima watoto kwa simu na wazazi wakatumiwa ujumbe. Miongoni mwa watoto waliokutwa na tatizo, 54 katika kila 100 walifika hospitalini, wakati kwa njia ya kawaida ya barua walifika 22 tu. Ni kazi njema ambayo ningependa iendelee kila mahali. Hata hivyo, kile walimu walichokuwa wakipima ni uwezo wa kuona alama zilizo mbali, jicho moja baada ya jingine. Nikisoma maelezo yako ninaelewa kwamba binti yako angefaulu kipimo hicho bila wasiwasi wowote. Je, ni hivyo?

Mwanzisha uzi

Ndivyo hasa, ndugu yangu. Kipimo hicho huuliza kama kila jicho peke yake linaona mbali. Tatizo la binti yangu huonekana tu pale macho yote mawili yanapotakiwa kufanya kazi pamoja kwa kitu cha karibu, na kwa muda mrefu. Sisemi upimaji wa mbali uachwe, kwa kuwa watoto wenye uoni hafifu wa mbali ni wengi na wanasaidiwa sana na miwani. Ninasema kwamba jibu la "macho ni mazima" lisitolewe kwa ushahidi huo peke yake.

Mpima Macho, Kilimanjaro

Nawasalimu nyote. Nimesomea optometria hapa Moshi, na ninamshukuru mwalimu kwa maelezo yaliyo sahihi kuliko mengi ninayoyasikia. Naomba niongeze upande wa kliniki, kwa sababu hatutoi jina la upungufu wa konvajensi kwa kipimo cha kalamu peke yake.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha mtoto hahitaji miwani ya kawaida, na kwa watoto mara nyingi tunatumia matone yanayolegeza misuli ya kufokasi ili tusidanganyike. Kuna watoto wenye tatizo la kuona karibu ambao hulificha kwa kujikaza, nao hulalamika karibu sawasawa na binti wa mwalimu. Baada ya hapo tunafunika na kufunua jicho moja moja mtoto akitazama mbali, kisha akitazama sentimita 40, ili tuone macho yana mwelekeo gani yakiachwa huru. Katika upungufu wa konvajensi macho huelekea nje, na huelekea nje zaidi karibu kuliko mbali. Hatua inayofuata ni kalamu: tunaandika ni sentimita ngapi picha ilipogawanyika na ni sentimita ngapi ilipoungana tena tuliporudisha nyuma, kisha tunarudia mara kadhaa, kwa sababu mtoto anaweza kufanya vizuri mara ya kwanza halafu akachoka. Katika tafiti kubwa za Marekani, picha kugawanyika kwenye sentimita 6 au zaidi huhesabiwa kuwa dalili, kwa hiyo 14 ni mbali mno. Mwisho tunaweka prizimu, yaani kioo chenye umbo la kabari kinachopinda mwanga, mbele ya macho tukiongeza nguvu kidogo kidogo, ili tujue mtoto ana akiba kiasi gani ya kuyavuta macho ndani kabla hayajaachana. Mtoto anaweza kuyakutanisha macho kwenye kitabu kwa shida na akawa hana akiba yoyote iliyobaki, na huyo ndiye anayechoka ukurasa wa kwanza.

Lipo dodoso la maswali 15 linalotumika kwa watoto wa miaka 9 hadi 17, ambapo kila swali hupewa alama 0 hadi 4, na jumla ya 16 au zaidi humweka mtoto katika kundi la wenye dalili. Huulizwa kama macho yanachoka, kama anapoteza mahali alipofika, kama maneno yanasogea, kama anasinzia anaposoma. Napenda wazazi wajue maswali haya, kwa sababu mtoto wa Kiafrika aliyelelewa kwa adabu hasemi mpaka aulizwe.

Naomba pia kutoa tahadhari moja. Mtoto ambaye ghafla anaanza kuona vitu viwili viwili, au jicho limepinda au kope imeshuka, au anaumwa kichwa na kutapika asubuhi, au dalili zimeanza baada ya kuanguka na kugonga kichwa, asipelekwe kufanya mazoezi ya macho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa Darasa la Pili, Tanga

Mwalimu mwenzangu, nimesoma kwa makini na nina hofu ambayo sitaki kuificha. Nafundisha watoto wa kusoma, kuandika na kuhesabu, na nimeona jinsi wazazi wanavyoshika jibu lolote linalowaondolea aibu. Kesho watakuja watu kutuuzia mazoezi ya macho kama tiba ya kila mtoto asiyejua kusoma. Je, kuna ushahidi kwamba mtoto akitibiwa macho haya, usomaji wake unakuwa bora? Na mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma, je, naye asukumwe huko?

Mwanzisha uzi

Dada, swali lako ndilo lililonikosesha usingizi kuliko yote, na nimelifuatilia kadiri nilivyoweza. Majibu ni mawili, nayo yanapaswa kusomwa pamoja.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2008 uliwachukua watoto 221 wa miaka 9 hadi 17 wenye upungufu wa konvajensi, ukawagawa kwa bahati nasibu katika makundi manne kwa wiki 12. Waliofanya mazoezi kliniki saa moja kila wiki chini ya mtaalamu, pamoja na dakika 15 nyumbani kwa siku tano, walipona au kupata nafuu kwa asilimia 73. Waliofanya zoezi la kalamu nyumbani peke yake walikuwa asilimia 43, waliotumia programu ya kompyuta nyumbani pamoja na kalamu 33, na waliopewa mazoezi ya plasibo kliniki, yaliyofanana na ya kweli bila kuwa na kazi, walikuwa 35. Hivyo tiba ipo, nayo hufanya kazi juu ya macho na juu ya usumbufu.

Jibu la pili lilikuja mwaka 2019. Watafiti walichukua watoto 311 wa miaka 9 hadi 14, wakawapa mazoezi ya kliniki au ya plasibo kwa wiki 16, kisha wakapima ufahamu wa kusoma kwa mtihani sanifu. Kundi la tiba lilipanda kwa wastani wa alama 3.7, na kundi la plasibo likapanda kwa 3.8. Macho ya kundi la tiba yalikutana vizuri zaidi, lakini ufahamu wa kusoma haukuzidi ule wa wenzao. Niliposoma hayo nilihuzunika, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kujijengea picha ya binti yangu akitibiwa na kuwa wa kwanza darasani. Hata hivyo nimeona ni haki wazazi wajue takwimu zote mbili. Tunatibu maumivu, picha mbili na uchovu. Kusoma kwenyewe bado kunafundishwa na mwalimu.

Kuhusu disleksia, vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja mwaka 2009 kwamba chanzo chake ni uchakataji wa lugha na si macho, na kwamba mazoezi ya macho si tiba yake. Lakini mtoto mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Darasani mimi hutumia njia ya kawaida kabisa kabla ya kumwita mzazi, ingawa si kipimo cha kitabibu. Namsomea mtoto hadithi na kumuuliza maswali. Kisha namwambia, bila kutazama maandishi yoyote, anitajie silabi za neno "kipepeo", aondoe silabi ya kwanza, aniambie kimebaki nini. Kisha nampa maneno yale yale kwa maandishi makubwa ubaoni, na mwisho kwa maandishi madogo ya kitabuni. Asiyeweza kucheza na silabi kwa mdomo na anayekwama hata ubaoni, huyo nafikiria upande wa lugha na mafunzo. Anayeelewa hadithi, anayevunja silabi bila shida, anayesoma ubao, lakini anaporomoka kitabuni baada ya mistari michache, huyo ninaomba apimwe macho kwa karibu.

Mwalimu wa Darasa la Pili, Tanga

Nimeridhika na jibu, hasa kwa kuwa hukuficha ile 3.7. Hilo la kulinganisha ubao na kitabu nitalijaribu Jumatatu, maana nina wavulana wawili ambao nimekuwa nikiwaita wazembe.

Mzazi wa Temeke

Wakubwa, mimi nimeshauriwa ninunue miwani yenye prizimu kwa ajili ya mwanangu wa miaka kumi, na bei yake imenitisha. Je, ni lazima?

Mpima Macho, Kilimanjaro

Mzazi, siwezi kumtibu mtoto nisiyemwona, lakini nakueleza ninachokijua. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa watoto 72 wenye upungufu wa konvajensi, ambapo nusu walipewa miwani ya kusomea yenye prizimu na nusu miwani ya kawaida isiyo na prizimu, na baada ya wiki sita hapakuwa na tofauti kati yao. Kwa sababu hiyo mimi sianzi na prizimu kwa mtoto. Muulize aliyekushauri mambo matatu kabla hujatoa fedha: alitumia matone alipompima, picha ya kalamu iligawanyika sentimita ngapi, na kwa nini haoni mazoezi yatangulie. Mtaalamu mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo.

Mama wa Minneapolis

Ninawafuatilia kutoka Marekani. Mwanangu wa miaka kumi na moja alifanyiwa tiba hii huku, na naona niwaeleze inavyofanana ili msidhani ni mashine kubwa. Vifaa vingi ni vya kawaida sana. Kimoja ni kamba ya kama mita tatu yenye shanga tatu za rangi mbalimbali. Ncha moja hufungwa kwenye kitasa cha mlango, na nyingine mtoto huishikilia puani. Akitazama ushanga mmoja kwa macho yote mawili, anatakiwa aone kamba mbili zinazokatana kama herufi X pale pale penye ushanga huo, na ile mingine aione miwili miwili. Kamba zikikatana nyuma ya ushanga, macho hayajaingia vya kutosha. Akiona kamba moja tu, jicho moja limezimwa na ubongo. Kazi ya mtaalamu ni kugundua hilo la mwisho, kwa kuwa mtoto anaweza kufanya mazoezi wiki nzima kwa jicho moja huku mama akidhani anaendelea vizuri. Nadhani ndiyo sababu ya tofauti kati ya wale wa kliniki na wale wa kalamu nyumbani, ingawa hayo ni maoni yangu kama mzazi.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa ngumu, kichwa kilimuuma zaidi na alilia. Mngeniuliza wakati ule ningesema tuache.

Mwanzisha uzi

Asante sana, mama. Hilo la kichwa kuuma mwanzoni limenituliza, maana nasi tulilipitia na nilikaribia kusitisha. Huku kwetu si kila kliniki yenye mtaalamu wa macho hutoa mazoezi haya, na sisi tulisafiri kila baada ya wiki mbili badala ya kila wiki, huku siku nyingine tukifanya nyumbani kwa dakika 15 baada ya chai ya jioni. Shanga nilizinunua sokoni.

Wengine wameniuliza kwa ujumbe wa faragha tufanye nini darasani wakati mtoto anasubiri tiba. Haya ndiyo niliyoyafanya kwa binti na sasa nayafanya kwa wanafunzi wangu. Kitabu kiwe umbali wa mkono uliokunjwa kiwiko, kisiwe chini ya pua. Kipande cha karatasi ngumu kiwekwe chini ya mstari unaosomwa, bila kuambiwa kwamba hiyo ni tabia ya watoto wa chekechea. Watoto watatu wanapochangia kitabu kimoja, huyu aketi katikati, kwa kuwa kusoma kwa pembeni kunamchosha upesi. Apumzishe macho kwa kutazama nje ya dirisha kila baada ya dakika kumi. Nikitaka kupima ufahamu wake, na siyo macho yake, ninamsomea habari mwenyewe kisha namuuliza. Kuhusu upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, nimezungumza na mwalimu mkuu mapema, nikiwa na barua ya mtaalamu mkononi, ili tujue ni nafuu gani inaweza kuombwa kabla ya siku yenyewe kufika.

Tumemaliza wiki ya 14. Alipopimwa Alhamisi iliyopita kalamu iligawanyika kwenye sentimita 7, kutoka 14 za mwanzo. Kichwa hakimuumi tena jioni, na kiganja hakiendi jichoni. Bado huruka mstari anapochoka na bado kasi yake ya kusoma iko nyuma ya wenzake, hivyo tunasoma pamoja kila usiku, ukurasa wake mmoja na wangu mmoja. Juzi aliniomba nimwachie na ule wangu.